Kusoma Kinyume

Flashi imeletwa na kijana mwenye tai nyeusi,
saa kumi na moja jioni, dukani kwangu Nyamakima.
Nakala mia nne, amesema. Gari la Vihiga linaondoka alfajiri.
Nimefungua faili.
Ni wewe.
Umevaa lile koti la kaki lenye doa la majenta mfukoni,
na jina lako, Mwalimu Lumadede, wamelivuta
kushoto na kulia lijaze ukurasa,
likalegea kama soksi iliyoanikwa na maji yake.

Ungevua miwani, ungeipangusa kwa shati,
ungeuliza taratibu:
nani ameziumiza hizi herufi?

Tulikuja chuoni tukidhani kuchapa ni kubonyeza.
Ukavuta droo za mbao zilizokuwa zikigoma kufunguka,
ukamtilia kila mmoja kiganjani herufi za risasi,
baridi, nzito, zimegeuka kama uso kiooni.
"Risasi hii husema," ulituambia. "Ile nyingine hunyamazisha."
Wiki ile gesi ya machozi ilikuwa ikipenya madirishani
na hata Kerandi, asiyekosa neno, alikosa neno.

Mimi ndiye niliyepindua n.
Kadi mia tatu za harusi ya binti wa msajili,
maua yamekaa sawa, dhahabu imeng'aa,
na juu yake: karibuui.
Nikangoja matusi.
Ulicheka hadi ukajishikiza kwenye mashine,
ukatoa pesa zako, ukanituma karatasi nyingine,
na kwa miaka miwili hukuniita Moraa tena.
"Karibuui," ungesema mlangoni, "ingia, wino unakauka."

Pambizo, ulisema, ni ua wa nyumba.
Mgeni hatoki barabarani akaingia moja kwa moja chumbani.

Stima ikipotea ulitutoa nje kusoma kuta za mji:
mabango ya waganga, kibao cha kinyozi, bei za viazi.
Uliwahi kusimama Kirinyaga Road, malori yanakupigia honi,
ukiisifu S moja kwenye mlango wa fundi breki.
"Huyu hakufundishwa na mtu. Lakini tazameni kiuno chake."

Kisha kompyuta zikaja,
na mashine ikauzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma kuukuu.
Walipokuwa wakifunga kamba, ulikuja na kopo la mafuta,
ukaitia vifundoni, kimoja kimoja,
kana kwamba kesho ina kazi.

Usiku huu nimeshusha mlango nusu.
Jina lako nimelirudishia upana wake. Nimekupa ua.
Sasa nasoma prufu kama ulivyotufundisha,
kinyume, neno kwa neno, kuanzia mwisho,
maana jicho likishaijua hadithi huacha kuona makosa.

Kaburi linatangulia.
Halafu wodi, halafu dawa, halafu sukari inashuka damuni,
unainuka, unavaa koti la kaki.
Mashine inateremka kwenye lori na kurudi mahali pake.
Tunaingia darasani kinyumenyume, wajinga zaidi kila mwaka.
Bi. Kageha anakuachia mkono kanisani
na kurudi kwao kuwa msichana.
Unapungua kimo. Unasahau kusoma.
Mpaka mstari wa kwanza kabisa, na hapo pana kosa:

Alizalwa.

Familia nzima imepita hapo bila kuliona.
Naitia i iliyokosekana.

Umezaliwa, Mwalimu.

Nakala ya kwanza inatoka ikiwa na joto.
Naishika pembeni, kwenye weupe,
nisikuguse uso kabla wino haujakauka.